Mtoto halishwi kiporo: namna ya kupika, kugandisha na kutunza chakula cha mtoto nyumbani

Mama mkwe wangu ni mtu wa Pangani, na kwao mtoto halishwi kiporo. Siku aliyofungua friza yangu akakuta vibonge vya boga vimepangwa kwenye trei ya barafu, hakunigombeza. Alishika kimoja, akakirudisha, akaniuliza, "Mwanangu, hiki si kiporo hiki?"

Nilimjibu haraka kwamba kilichogandishwa hakiharibiki. Wiki mbili baadaye nikajua kwamba jibu langu lilikuwa nusu. Nilipika supu ya kuku na boga kwenye sufuria ya lita tano, usingizi ukanizidi, nikaifunika ikiwa bado ya moto nikaisukuma ndani ya friji, nikisema asubuhi nitaigawa kwenye trei. Alfajiri yeye ndiye aliyeitoa. Aliweka kiganja pembeni mwa sufuria: baridi. Akazamisha mwiko mpaka katikati, akaugusisha mgongo wa mkono wake, kisha akanipa na mimi niguse. Vuguvugu. Usiku kucha katikati ya ile sufuria palikuwa na joto linalowafaa bakteria kuzaliana, na mimi nimelala nikiamini friji inafanya kazi yake. Tuliimwaga yote, na kuku wake.

Tangu siku ile nimeshika jambo moja, na mwongozo huu wote umesimama juu yake. Friza haisafishi chakula. Inakisimamisha palepale kilipofikia. Kikiingia kizuri kinabaki kizuri, kikiingia kimeshaanza kuharibika kinasubiri tu siku ya kuyeyushwa. Baridi haiui bakteria, inawalaza. Kwa hiyo mama alikuwa na haki ya kuuliza: kiporo kinatengenezwa katika ile saa moja au mbili kati ya kuepua sufuria na kufunga mlango wa friza. Ukiishinda saa hiyo, chakula cha friza si kiporo.

Na wengi wetu tunahitaji kuishinda. Sheria ya kazi ya Tanzania inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mtoto anaanza kula akitimiza miezi sita. Ina maana siku anapoonja kijiko cha kwanza, mama mwajiriwa ameshakuwa kazini miezi mitatu, na anayemlisha mchana ni dada wa nyumbani, bibi, au baba mwenye zamu ya usiku. Ukiwaachia akiba iliyopikwa vizuri, mtoto anapata maini na maharage hata siku ambayo nyumbani hakuna aliyepata nafasi ya kuinjika sufuria ya maharage saa mbili nzima.

Kwanza, ijue friza yako

Si kila kisanduku chenye barafu ni friza. Angalia mlango wa sehemu ya kugandishia, utaona alama za nyota. Nyota moja ni baridi ya nyuzi 6 chini ya sifuri, na humo chakula kilichokwisha ganda kinakaa wiki moja. Nyota mbili ni nyuzi 12 chini ya sifuri, mwezi mmoja. Nyota tatu ni nyuzi 18 chini ya sifuri, miezi mitatu. Zikiwa nne, ya kwanza kubwa kuliko wenzake, hiyo imetengenezwa kugandisha chakula kibichi na kilichopikwa tangu mwanzo. Hizo nyingine zimekusudiwa kutunza kilichogandishwa tayari.

Majumbani mwetu friji nyingi ni zile za mlango mmoja, zenye kisanduku kidogo cha barafu juu ndani. Ukiwa na hiyo usikate tamaa, ila punguza matarajio: gandisha kiasi kidogo, trei moja kwa wakati, na kile ulichogandisha kitumike ndani ya wiki. Usijaze akiba ya miezi miwili humo. Mwenye friza ya kifua, ile ya kufungulia juu kama sanduku, ana bahati zaidi, kwa sababu baridi ni nzito na hukaa chini hata ukifungua mfuniko.

Kipimajoto cha friji ni kitu cha bei ndogo, na kama unaweza kukinunua, kinunue. Friza isome nyuzi 18 chini ya sifuri au chini zaidi, friji isizidi nyuzi 4 au 5. Kama huna, jaribu hili: kibonge cha uji mzito au cha boga kilicholala usiku mzima kinapaswa kuwa kigumu kama jiwe. Ukikibonyeza kwa ukucha kikaacha alama, baridi yako haitoshi kwa akiba ya muda mrefu.

Nini kigandishwe, nini kisiguswe

Hapa ndipo nimejifunza mengi kwa kuharibu. Mwanzoni nilitaka kugandisha mlo mzima, uji na kila kilichomo, ili dada apashe tu. Uji ukiganda kisha ukayeyuka hujikata: maji juu, madonge chini. Viazi mviringo hugeuka kama unga uliolowa. Yai la kuchemsha, ute wake unakuwa kama mpira. Parachichi linabadilika rangi na ladha, na ndizi mbivu vilevile. Vyote hivi vinapikwa au kumenywa ndani ya nusu saa, basi havina sababu ya kwenda kwenye friza.

Kanuni yangu sasa ni hii: wanga upikwe leo, mboga itoke friza. Dada anapika uji mwepesi wa asubuhi au anaponda kiazi au ndizi ya kupika, halafu anaongeza vibonge viwili vya kilichochukua muda kutayarishwa. Na wali uliobaki usiutegemee kwa mtoto. Mchele una mbegu za bakteria zinazostahimili kuchemshwa, na wali ukikaa nje ukapoa polepole mbegu hizo huchipua na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi.

Vinavyopenda friza ni hivi: boga, viazi lishe vya rangi ya chungwa, karoti, njegere, maharage, dengu, choroko, maini, nyama iliyosagwa, kuku, samaki aliyetolewa miiba, mchicha na majani ya maboga, embe na papai. Nitavigusa vichache vinavyohitaji uangalizi.

Maharage yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe. Ukiyainjika upya, yaache yatokote kwa nguvu dakika 10 angalau kabla ya kupunguza moto, hasa yale mekundu, kwa sababu yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali. Moto wa pole tangu mwanzo hautoshi. Yakishalainika kabisa, yaponde na kuyapitisha kwenye chujio. Maganda yanabaki juu, chini unapata rojo laini kama siagi. Kwa mtoto wa miezi sita na saba ninafanya hivyo kila mara. Akifika miezi tisa ninaponda kwa uma tu, ajifunze kutafuna.

Maini ndiyo hazina yenyewe. Mtoto anazaliwa na akiba ya madini ya chuma ambayo hupungua sana karibu na miezi sita, na maziwa ya mama peke yake hayazibi pengo hilo. Maini ya kuku au ya ng'ombe yaoshe, yachemshe mpaka ukikata ndani pasiwe na wekundu, yasage pamoja na mchuzi wake. Yana vitamini A nyingi mno, hivyo mimi humpa mara moja kwa wiki, kibonge kimoja, nikichanganya na kiazi lishe. Siku nyingine kuku, nyama au dagaa wachukue zamu.

Dagaa wakavu hawahitaji friza kabla ya kupikwa, lakini rojo lake linakubali. Wa Mwanza mara nyingi huja na mchanga, wasugue katika maji mengi mara tatu au nne mpaka chini ya beseni pawe safi. Toa vichwa na matumbo, wachemshe na nyanya, saga mpaka usisikie chenga yoyote kati ya vidole. Samaki mbichi, kama changu au sato, mpike kwanza kisha umchambue kwa vidole vyako mwenyewe, si kwa kijiko. Vidole vinasikia mwiba ambao jicho limeupita.

Mchicha uoshe, upike na kuugandisha siku hiyohiyo. Majani ya kijani yaliyopikwa yakikaa ndani ya friji siku kadhaa, naitreti, kemikali ya asili iliyomo, hubadilika kuwa kitu kisichofaa kwa mtoto mchanga. Kwenye friza mabadiliko hayo husimama.

Embe ninazigandisha msimu ukichanganya, Desemba na Januari, pale dodo zinapouzwa kwa ndoo. Menya, saga, mimina kwenye trei. Huhitaji kuzipika, ila mikono, kisu na ubao viwe safi sana, na ganda lioshwe kabla kisu hakijapita.

Vingine kwa ufupi: chumvi na sukari visitiwe kabisa kabla ya mwaka. Asali pia, na hapa sina mzaha, kabla ya miezi 12 asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wa kupooza misuli, ambazo haziuliwi na jiko la nyumbani wala na friza. Mafuta, siagi ya karanga iliyolainishwa na maziwa ya mama viongezwe siku ya kulisha, kwenye bakuli. Na unga wa lishe wenye mahindi na karanga uangaliwe ungali mkavu: sumukuvu, ile sumu ya ukungu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, haiondoki kwa kupika wala kwa kugandisha. Nafaka yenye ukungu au karanga iliyosinyaa na kubadilika rangi haiendi kinuni.

Siku ya kupika

Mimi hutumia Jumapili mchana, saa tatu zinatosha. Kabla ya kugusa chakula, osha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha osha trei, mifuniko, kisu, chujio na jagi la blenda. Blenda ifunguliwe mpaka lile pete la mpira chini ya visu. Nilipolifungua la kwangu mara ya kwanza nilikuta utando wa kijani uliobana kwenye mfereji wake, na jagi kwa nje lilikuwa linang'aa. Sugua kwa mswaki wa zamani uliotengwa kwa kazi hiyo, suuza kwa maji ya moto.

Ubao wa nyama mbichi usikutane na mboga. Ukiwa nao mmoja, kata mboga kwanza, nyama mwisho.

Mboga zipikwe kwa maji kidogo, sufuria ikiwa imefunikwa. Boga na viazi lishe mimi huvipika na ganda, kisha nakwangua nyama yake kwa kijiko. Havinywi maji na rojo linatoka zito. Ukisaga, ongeza maji yaleyale ya kupikia, kijiko baada ya kijiko. Acha rojo liwe zito kuliko unavyotaka kumlisha, kwa sababu likiyeyuka huachia maji yake, na kulainisha ni rahisi kuliko kurudisha uzito. Usigandishe maji ukidhani umegandisha chakula.

Saa ya hatari

Sasa tumefika pale supu yangu ilipoharibikia. Bakteria huzaliana haraka kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60. Chakula kilichopikwa kisikae katika joto hilo zaidi ya saa mbili, na kwa siku ambazo jua la Dar es Salaam limefika nyuzi 32 na kupanda, hesabu saa moja tu. Jiko letu mchana linafika huko bila shida.

Usiache sufuria juu ya meza "ipoe kwanza". Ipoze wewe. Toa chakula kwenye sufuria kubwa, kitandaze kwenye sinia au bakuli pana, kina kisizidi vidole viwili au vitatu. Weka maji baridi na vipande vya barafu ndani ya beseni, liketishe bakuli lako humo, koroga kwa mwiko safi. Maji ya beseni yakipata joto, yamwage, weka mengine. Ndani ya dakika 15 hivi, rojo la boga lililokuwa linatoa mvuke litakuwa la kushikika bila taabu. Usifunike wakati huu kwa mfuniko mzito. Kitambaa chepesi safi kinatosha kuzuia nzi.

Likifikia ubaridi wa mkono, ligawe kwenye trei mara moja na liende friza. Trei ziwe zimetandazwa, zisipandane, hewa ya baridi ipite juu na chini. Na usiingize trei sita kwa mpigo kwenye friza ndogo. Joto lao litayeyusha kingo za vile vilivyomo. Mbili, kisha baada ya saa kadhaa mbili nyingine. Zinazosubiri zikae ndani ya friji.

Vibonge, vyombo na majina

Pima tundu la trei yako kwa kijiko cha chakula. Trei ya kawaida tundu moja huchukua vijiko viwili, kama mililita 30. Hapo tayari umepata kipimo cha kulishia. Mtoto anayeanza akiwa na miezi sita anatosheka na vijiko viwili au vitatu kwa mlo, mara mbili au tatu kwa siku, akiongezewa pole pole hadi nusu ya kikombe cha mililita 250. Kati ya miezi tisa na 11 ni nusu kikombe, milo mitatu au minne, na baada ya mwaka robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima. Kunyonya kunaendelea wakati wote huo, mpaka miaka miwili na kuzidi. Kwa hiyo kibonge kimoja ni mlo wa siku za mwanzo, na vinne pamoja na wanga ni mlo wa mtoto mkubwa kidogo. Vipande vidogo vina faida nyingine: hutupi kingi mtoto akikataa.

Funika trei, iache usiku mzima. Asubuhi, pindua, gonga chini kidogo, hamishia vibonge kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, urudishe haraka kabla havijatoa jasho. Trei iko huru kwa mapishi mengine. Ukiviacha kwenye trei wazi, hewa kavu ya friza inavinyausha, vinakuwa na madoa meupe na harufu ya samaki wa jirani yao.

Kuhusu vyombo nina msimamo. Makopo ya siagi na ndoo za rangi zilizooshwa sizitumii kwa chakula cha mtoto, na rojo la moto silimimini kwenye plastiki. Vifuko vyembamba vya kuuzia bidhaa sokoni navyo havikutengenezwa kukaa na chakula miezi, na mifuko ya plastiki ya kubebea ni marufuku Tanzania tangu Juni 2019, Kenya tangu Agosti 2017. Makopo madogo yaliyotengenezwa kwa chakula yanapatikana, na yanadumu. Ukitumia chupa ya kioo, acha nafasi ya sentimita mbili juu. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu sehemu moja ya kumi, na chupa iliyojazwa hadi shingoni itapasuka, na kipande cha kioo ndani ya chakula cha mtoto hakitafutwi, chakula chote kinatupwa.

Kila kopo liwe na selotepu ya karatasi iliyoandikwa kitu na tarehe: "Maini, 9 Machi". Ukishagandisha, boga na karoti vinafanana kabisa, na maini na maharage ni pacha. Weka mapya nyuma, ya zamani mbele. Vya nyama mbichi ya familia viwe chini ya vyote, visije vikachuruzikia vya mtoto.

Muda wa kukaa, friza ikiwa ya nyuzi 18 chini ya sifuri: matunda na mboga miezi mitatu bila wasiwasi, nyama, kuku, maini na samaki mwezi mmoja, isizidi miwili. Mboga zinaweza kwenda mbali zaidi ya hapo, lakini mtoto anabadilika upesi. Rojo laini la miezi sita halimfai tena wa miezi tisa. Pika kwa wiki mbili au tatu, si kwa nusu mwaka. Kwenye friji tu, bila kugandisha: mboga na matunda siku mbili, vyenye nyama au samaki siku moja.

Kuyeyusha na kulisha

Usiku kabla ya kulala, toa vibonge vya kesho, viweke kwenye bakuli lenye mfuniko, rafu ya chini ya friji. Ukisahau, si tatizo, vitie vikiwa barafu moja kwa moja kwenye kisufuria na kijiko cha maji, moto mdogo. Kisichofaa ni kuviacha juu ya meza toka asubuhi mpaka mchana. Nje ya kibonge huyeyuka na kupata joto saa nyingi kabla ya moyo wake.

Pasha mpaka kitokote kote, na ukikoroga kiendelee kutokota. Hiyo ni zaidi ya nyuzi 70, na ndipo bakteria waliolala wanapokufa. Kisha kipoze mpaka ukidondosha tone ndani ya kifundo cha mkono usisikie joto wala baridi. Mwenye maikrowevu akoroge vizuri sana, kwani inaacha mifuko ya moto hapa na pale inayoweza kuunguza ulimi wa mtoto huku kwingine pakiwa baridi.

Kilichoyeyushwa kitumike ndani ya saa 24, na kisirudi friza. Kilichopashwa kisipashwe mara ya pili. Kilichobaki kwenye bakuli la mtoto kinatupwa, au anakila mkubwa palepale. Kijiko kikishaingia mdomoni kikarudi bakulini kimepeleka mate, na mate yana kazi yake ya kumeng'enya na bakteria wake. Wengi wetu tunaona uchungu kutupa vijiko vitatu vya kuku. Ndiyo maana mimi hutoa kidogo kwenye bakuli la kulishia, nyingine ibaki safi kwenye kisufuria.

Mtoto akipelekwa kwa bibi au kituo cha kulea, jaza chupa ya moto ya chakula kwa maji yanayochemka, funga dakika 10, mwaga, kisha tia chakula kikiwa kinatokota. Kikibaki cha moto zaidi ya nyuzi 60 kiko salama. Bibi akikifungua saa sita akakuta vuguvugu, asimpe.

Umeme ukikatika

Usifungue. Hilo ndilo la kwanza na dada alijue. Friza iliyojaa hushika baridi kama saa 48 mlango ukiwa umefungwa, iliyo nusu saa 24, friji saa nne tu. Kwa hiyo jaza nafasi tupu kwa chupa za maji, robo tatu tu zisije zikapasuka. Zikiganda zinakuwa akiba ya baridi, na kipindi cha mgao wa umeme utaona thamani yake.

Tatizo kubwa ni ule mkatiko usioujua, LUKU, umeme wa kulipia kabla, imeisha usiku au mko safarini Tanga siku tatu. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kiache ndani ya friza. Ukirudi, sarafu ikiwa bado juu, barafu haikuyeyuka. Ikiwa imezama katikati au chini, vibonge viliyeyuka vikaganda tena, hata kama sasa ni vigumu kama jiwe. Tupa vyote vya mtoto. Kibonge kilichopoteza umbo la tundu la trei, kikajitandaza chini ya kopo, kinakuambia habari hiyohiyo.

Umeme ukirudi ukakuta vibonge vimelainika lakini bado vina chembe za barafu, vichemshe siku hiyo, ale anachoweza, vinavyobaki familia iweke kwenye mchuzi.

Na ikitokea mtoto ameharisha, usianze na kutafuta mkosaji jikoni. Endelea kumnyonyesha, mpe maji ya chumvichumvi na zinki kwa maelekezo ya mhudumu wa afya. Macho yakizama, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu au choo kikiwa na damu, mpeleke kituo cha afya saa hiyohiyo, usingoje asubuhi. Chukua na lile kopo lenye tarehe, ukiulizwa alikula nini jana utakuwa na jibu.

Nyumbani kwangu, selotepu na kalamu vinakaa juu ya friza, ndani ya kikombe. Mama mkwe akija kutoka Pangani yeye ndiye huandika tarehe, na kopo lisilo na maandishi hulitoa nje bila kuniuliza.